Geti la chuma lilivyokaribia kuvunja ndoa ya binti yangu, huku kijijini Nyambureti

Wakuu, habari za humu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mnafika watatu.

Naandika kwa simu, kidole kimoja, na shule yangu iliishia darasa la nne. Mkiona nukta imekaa pabaya, isogezeni wenyewe. Lakini haya yalitokea nyumbani kwangu mchana kweupe, na walioyaona bado wanakula ugali.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu hili neno la Kiingereza "gate" lilitoka wapi na lina maana ngapi. Wengi mkamcheka, mkamwambia geti ni geti.

Hapana wakuu. Geti sio geti tu.

Huku kwetu Mara kuna geti la hifadhi, hilo ukipita na ng'ombe wako unalala ndani. Kuna geti la mgodi, ambalo vijana kutoka mikoa yote wanashinda nje yake wakisubiri kuitwa. Kuna geti la ushuru, kamba tu na mtu mwenye kiti. Kuna geti la mpira, ukisikia "kiingilio getini" ujue wanasema mlangoni. Halafu kuna "geti kali", yaani nyumba ambayo binti hatoki na mgeni haingii. Hilo nililisikia mtaa wa Bomani kule mjini, wakinisema mimi.

Nina jirani, mwalimu mstaafu. Nilimuuliza asili ya neno hilo. Akaniambia Waingereza wa zamani walikuwa na maneno mawili yaliyofanana. La kwanza maana yake uwazi, kama pengo kwenye ukuta. La pili lililetwa na watu waliokuja kwa bahari, maana yake njia, na mpaka leo kaskazini kwao kuna mitaa inaitwa hivyo hivyo na hakuna mlango wowote hapo. Kwa hiyo ni uwazi na ni njia. Kwamba ni chuma, hakuniambia.

Mimi hilo nililijua kwa shida. Sasa nisikilizeni.

Mwanangu Mwita ana duka Tarime mjini. Alikuja nyumbani akaona pale mlango wa boma bado ni magogo mawili ya kusukuma, akaona aibu. Akamleta fundi wa kuchomelea, kijana wa Mbeya aliyekuja huku kwa ajili ya dhahabu, dhahabu ikamkataa, akashika chuma. Fundi mzuri sana, na mpole. Akatutengenezea geti la bluu lenye nyota.

Pale mlangoni kuna mtaro wa maji ya mvua. Fundi akauchimba vizuri, akaweka nondo juu yake, moja moja zenye nafasi katikati, ili gari la Mwita lipite na maji yapite.

Ng'ombe wetu walisumbua wiki ya kwanza. Ng'ombe akiona shimo chini ya nondo hakanyagi, anaogopa mguu kuzama. Baadaye mmoja akathubutu, wengine wakafuata, wakazoea. Tukasahau.

Hapo ndipo kosa letu lilipo. Tulisahau kuwa ng'ombe wa mahari ni wageni.

Binti yangu Bhoke alikuwa anaolewa na kijana wa upande wa Tarime. Kijana mtulivu, sina neno naye. Siku ya kuleta ng'ombe wakashushwa kwenye lori kule barabarani, wakaswagwa mpaka kwangu. Mbele yuko baba mdogo wa kijana, ndiye msemaji wao. Huyu nitamwita Mzee Chacha. Amevaa koti zito na jua lile.

Wamefika getini, ng'ombe wakasimama.

Wakachapwa. Wakarudi nyuma. Mmoja akainusa ile nondo, akapiga pua, akageuka kabisa.

Mzee Chacha akanitazama. "Baba Mwita, hapa ni bomani au mgodini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Tukatandika manyasi juu ya nondo. Wakala manyasi. Wallahi wakuu, wakala, halafu wakasimama vile vile.

Kwa wasiotujua: kwetu ng'ombe wa mahari anaingia kwa mlango wa boma, siku hiyo hiyo, jua likiwepo. Wakishaingia zizini ndugu zangu wanakagua mmoja mmoja, jicho, mguu, chuchu. Asiyefaa anarudishwa. Hapo ndipo baba wa binti anasema amepokea. Kabla ya hapo hakuna ndoa, hata kama pilau limeiva.

Na jua lilikuwa linakwenda.

Mwita akasema, "Baba, tuvunje ua huku nyuma waingie, mambo yaishe." Kijana wa duka huyo.

Mdogo wangu Marwa akamrukia. "Ng'ombe anayeingia kwa pengo la nyuma ni wa wizi! Unataka majirani waseme dada yako alitolewa mahari ya wizi?"

Ni kweli. Kwa historia yetu sisi Wakurya na ng'ombe, hilo neno halina utani. Bhoke angeishi nalo mpaka kwa wajukuu.

Ndipo Mzee Chacha akafunga vifungo vya koti. Akasema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Wakwe, ng'ombe wameona kitu sisi hatujaona. Hawawezi kulala njiani. Tunarudi nao. Tutatumana habari."

Wakuu, kwa wazee "tutatumana habari" maana yake imekwisha.

Nikageuka nikamwona Bhoke amesimama mlango wa jikoni kwa mama yake. Hakulia. Alikuwa ameshika kanga yake kifuani kwa mikono miwili na anaangalia ng'ombe, sio watu.

Mama yake akapita karibu yangu na ndoo, akasema bila kusimama, "Wewe si ndiye mchungaji? Au siku hizi unachunga simu?"

Basi nikajua la kufanya. Nililijua tangu mwanzo, nililiogopa tu. Ng'ombe anamfuata ng'ombe. Ukitaka mgeni avuke, mtoe mwenyeji, wachanganye, wapige warudi pamoja.

Nikamwambia Marwa, "Toa wetu nje."

Akanishika mkono. "Kaka, ukichanganya huko nje umeshapokea. Hatujakagua hata mmoja. Huo ni kula bila kunawa. Na yule mtamba mweusi anachechemea, mimi nimemwona."

"Na mimi nimemwona. Toa."

Wetu wakatoka, kwato zikilia kwenye chuma, hawana wasiwasi. Wakaingia katikati ya wale wageni. Wakanusana, wakasukumana pembe kidogo. Wazee wa upande ule wakashusha fimbo, maana walielewa nimefanya nini. Mbele ya mashahidi, nje ya boma langu, ng'ombe wao walikuwa wamekuwa wangu, wazima na wabovu.

Nikapiga mluzi. Ng'ombe wetu mzee akageuka kwenda nyumbani, wengine nyuma yake. Mgeni wa kwanza akasita kwenye nondo, akasukumwa na matako ya wenzake, akavuka. Wa pili. Halafu wakamiminika, na yule mtamba mweusi wa mwisho, anachechemea hivyo hivyo.

Mama Bhoke akapiga vigelegele, ndoo ikaanguka huko.

Zizini Mzee Chacha akanifuata, amevua lile koti. Akaelekeza fimbo. "Baba Mwita, huyu mweusi ana mguu. Tulimleta tukijua mtamkataa, tuanze kubishana, ndio desturi. Sasa hukukataa. Nitaleta mwingine, na huyu abaki."

Nikadhani ni maneno ya kushiba pilau. Lakini alimleta, mwekundu, mzuri, na alimswaga mwenyewe.

Bhoke yuko kwake sasa. Akipiga simu anaongea na mama yake, mimi napewa salamu.

Nilichojifunza: ukiweka geti, muulize anayepita, usiulize rangi. Na kuna siku ukikagua sana unabaki na ng'ombe wazuri na binti ndani.

Haya wasomi na wafugaji, uwanja wenu. Mliooza mabinti, je, mngewapokea pale nje au mngewaacha warudi? Msinionee haya, nitukaneni tu kwa adabu. Na kwenu huko geti ni nini?