Shuka la Mama Mkwe na Jogoo wa Mnada

Jamani, aibu hii nawasimulia mwenyewe kwa sababu kijiji kizima cha Akheri wanaijua, na bora muisikie kwangu kabla haijaongezwa chumvi.

Mnaukumbuka ule mtambo wa kufumia vitambaa, wa mbao, mtumba, nilionunua kwa mama mmoja wa Kijenge aliyekuwa anahama (ukiukunjua hapa sebuleni kwangu hakuna pa kupita, na unalia kuliko mlango wa stoo). Mama mkwe alikuwa amesema mbele ya mawifi zangu kwamba mke wa mwanawe anajua kushika simu tu. Iliniuma, siwafichi. Nikaapa nitafuma shuka, nilitoe kanisani kwake Jumapili ya mavuno, linadiwe pamoja na ndizi na kuku za watu, naye aone.

Nikajifunza kwa video, kwenye simu hiyohiyo. Shuka likatoka jekundu na bluu, limepinda kidogo lakini kwa mbali huoni. Jumamosi jioni mwalimu wa kwenye video anasema, "Kabla hujalikata mtamboni, kumbuka..." bando likakata. Duka liko hapo chini tu, lakini nikajiambia, cha kukumbuka nini tena hapo? Nikachukua mkasi nikakata (kumbe cha kukumbuka kilikuwa kufunga ncha mafundo, shuka lisifumuke).

Kesho yake baada ya ibada mzee wa kanisa akaliinua juu, "Shuka hili kalifuma mkwe wetu mwenyewe." Vigelegele. Mama mkwe akapandisha dau mpaka wenzake wakanyamaza, akalitwaa, akajitanda mabegani, akaanza kuzunguka kusalimia watu ili walione, na mimi nyuma yake nimevimba kichwa. Ndipo nikaona uzi unaning'inia, na uzi umemnasa mguuni jogoo aliyekuwa anasubiri kunadiwa, na jogoo kamba yake imefunguka.

Jogoo akatimkia migombani, mama anaelekea kwa mchungaji, na shuka linafumuka mstari kwa mstari likipanda mgongoni. Nikaukanyaga uzi nikidhani nimeokoa jahazi. Jogoo akasimama kweli, ila mama bado anatembea, kwa hiyo sasa aliyekuwa analifumua ni mimi.

"Mama, simama kidogo."

"Nisimame nini? Acha mchungaji aone kazi yako."

Akageuka amwonyeshe. Mabegani kimebaki kipande cha kufutia meza. Wifi yangu mkubwa alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama akapapasa mgongo, akautazama uzi uliorudi mpaka chini ya mguu wangu, akamtazama jogoo, akaja kunitazama mimi.

"Mkwe wangu, hili shuka nimelinunua au nimeliazima?"

Tangu siku hiyo sikati kitu bila kumalizia video, na bando nanunua la wiki. Kile kipande mama hakukitupa. Nikienda kumwamkia anakitumia kuipulia sufuria ya chai jikoni, na akiwepo mgeni anamwambia taratibu kabisa, "Hili ni shuka, kanifumia mkwe wangu." Mimi naitikia, "Ndiyo mama," nakunywa chai yangu.