Vifuniko Vitatu vya Konrodi

Mume wangu alipokufa, trekta lilikuwa limeshanoki. Injini ilizimikia shambani Kasansa wiki mbili kabla ya kifo chake, ng'ombe wakalivuta mpaka nyumbani Kibaoni. Yeye akazikwa, lenyewe likabaki uani. Mimi sikutoa chozi. Watu wakasema nimejikaza. Uongo! Sikujikaza chochote, moyo ulikufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia.

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, akaja na neno lake. Wao ni watu wa mifugo, walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na chuma hawakiamini.

"Shemeji, ng'ombe hanoki," aliniambia. "Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Likiwaka, baki nalo ulimie wanao. Lisipowaka tunalibadilisha kwa ng'ombe, na ng'ombe watakaa kwangu."

Watakaa kwake! Hao nisingewaona tena, na mimi na wanangu tungerudi kwenye jembe la mkono, mvua zenyewe ziko mlangoni.

Nikamwita fundi kutoka Magamba, mtu mzima wa maneno machache. Alipitia Mpanda mjini kuchukua pistoni, laina na beringi mpya. Jumatano akaifungua injini yote, akatandika turubai uani, akavipanga vyuma vyake kwa mstari, kimoja baada ya kingine. Jioni akaenda kulala kwa ndugu yake.

Sasa sikia ujinga wangu. Alhamisi asubuhi niliamka kufagia. Ukoo mzima unakuja, na uwanja wa mjane ukiwa mchafu watasema amechanganyikiwa. Nikaviona vile vyuma, vimejaa oili nyeusi. Nikaleta beseni, nikavisugua kwa dizeli kimoja kimoja mpaka vikang'aa, kisha nikavipanga kwa ukubwa kama ninavyopanga vyombo kichanjani. Tangu msiba uingie, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya vizuri.

Fundi alipofika alishika kichwa. "Mama weee! Nani kafanya haya?"

"Mimi. Vilikuwa vichafu."

Hakunigombeza. Alichuchumaa akanieleza polepole. Konrodi ni ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, na kila mmoja una kifuniko chake kinachoubana kwenye krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ukimpa huyu kifuniko cha yule, injini inakaba, inakufa tena. Namba zilishafutika zamani, yeye alikuwa anavitambua kwa ule mstari wa kwenye turubai. Sasa konrodi tatu na vifuniko vitatu vilikuwa mbele yetu, visafi kabisa, na hakuna aliyejua kipi ni cha nani.

Nikaelewa kwamba nimelipoteza trekta kwa mikono yangu mwenyewe. Nikangoja niogope. Wapi! Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Alivijaribu kimoja kimoja. Anafunga, anakaza, anazungusha krankshafti kwa mkono. Ikigoma, anafungua. "Siyo hiki. Lete kile." Nami napeleka. Alhamisi ikaisha hivyo, na Ijumaa karibu yote. Jua linazama ndipo krankshafti ikazunguka laini, naye akaguna tu, akaomba maji ya kunawa na taa, akaiunga injini iliyobaki usiku kucha.

Jumamosi wazee walikaa kwenye viti vya kuazima, fundi akapiga starta. Mara ya kwanza moshi. Mara ya pili moshi. Ya tatu ikawaka. Shemeji alilizunguka trekta mara mbili, akatega sikio, akasema, "Haya. Baki nalo." Nikasema asante. Fundi akaondoka nalo kulijaribu barabarani, mimi nikaenda jikoni maana wageni walitakiwa kula.

Nilikuwa nachambua mchicha niliposikia mlio uani. Trekta lilikuwa limesharudi, limesimama, na mimi sina habari. Hilo halijawahi kutokea nyumbani kwangu. Miaka yote lilikuwa linagonga, ko-ko-ko, mume wangu akiwa bado mbali huko kwenye mashamba ya mpunga mimi nishajua anakuja, nabandika maji ya ugali. Anafika, yanachemka.

Fundi ameliponya, haligongi tena. Hata angekuwa mume wangu ndiye analirudisha siku ile, nisingejua. Angenikuta na mchicha mkononi, na sufuria haijabandikwa.