Fyuzi Kwenye Kofia ya Mtani

Hakuna redio ya Tabora iliyowahi kumshinda Masolwa, fundi wa Gongoni. Aliyemshinda ni mama yake. Bibi Marcelina wa Igalula alikataa katakata kwamba mtu anaweza kusema Tabora akasikika Igalula papo hapo. "Hao walisema juzi," alikuwa akimwambia, "wakafungiwa humo. Na wewe mwanangu kazi yako kufungua maboksi ya uongo." Maneno hayo yalimuuma Masolwa, we acha tu.

Basi Sabasaba ya mwaka sabini na tano, watu wa redio wakaja kutoka Dar na mtambo wa kubebeka. Ulikuwa na sinia la bati la kurushia sauti kutoka uwanjani hadi kwenye mnara wa simu, na kutoka hapo nchi nzima. Ngoma zingesikika moja kwa moja! Masolwa akapewa kazi ya kushika sinia lisiyumbe, na kwa shukrani akaahidiwa salamu mbili tatu kwenye maikrofoni. Haraka akampelekea mama habari: saa kumi, kwenye redio ya duka la ujamaa la Igalula, asikose.

Fundi wa mtambo alikuwa Abbasi, Mzaramo. Masolwa Mnyamwezi. Sasa nani asiyejua utani wa watu hao, tangu enzi za wapagazi kushuka pwani na pembe mabegani? Hata salamu hazijaisha, Masolwa akamnyakua kofia. "Mateka hii! Njoo uikomboe!" Huyo, juu ya baiskeli hadi Gongoni, akaifungia dukani kwake, akarudi anacheka peke yake.

Saa kumi kasorobo Abbasi akajipapasa kichwani. Lahaula! Fyuzi ya mtambo, moja tu iliyobaki, alikuwa ameichomeka kwenye pindo la kofia ili isipotee.

Jasho likamtoka Masolwa. "Ngoja nikuletee!"

"Uniletee nini? Mateka ni yako, mimi sikomboi." Abbasi akaketi juu ya boksi, akakunja nne.

"Mama yangu ananisubiri, mtani!" Abbasi akamtazama, akaona huyu kweli hatanii tena.

"Haya, lete. Lakini salamu zako zimekufa. Utatamka nitakachokwambia mimi."

Masolwa alikanyaga pedali kama anafukuzwa na nyuki. Fyuzi ikaingia, taa nyekundu ikawaka, akasukumwa mbele ya maikrofoni.

"Mimi Masolwa wa Igalula," nchi nzima ikasikia, "nimetekwa na Wazaramo. Nisipokombolewa kwa jogoo, napelekwa pwani kuwachotea maji."

Ngoma zikalia, uwanja ukacheka, naye akashika sinia lake kwa aibu. Salamu ya mama ndiyo hiyo? Na kama hata dukani hakwenda?

Asubuhi, Abbasi na wenzake wakifunga mizigo stesheni, treni iliyopitia Igalula ikaingia. Kornel, mhudumu wa treni, akateremka na jogoo aliyefungwa miguu.

"Masolwa! Jogoo wa mama yako huyu. Jana jioni kaja stesheni ya Igalula mbio, pekupeku, kalala hapo hapo akingoja treni. Kasema mpe huyo mtani upesi, kabla hawajaondoka nawe."

"Jana hiyo hiyo?"

"Jana hiyo hiyo. Eti amekusikia unahema."