Ukuta wa Jikoni Usiopakwa Chokaa

Mchoraji wa kule mlimani, mbele ya Bujora, amefariki. Habari zilinikuta kwenye foleni ya benki hapa Nyamagana, na nakiri niliiacha foleni nikaenda kusimama nje, maana mtu yule nilikuwa sijamwomba radhi. Hamkumjua, wasomaji wangu. Hakuna gazeti lililomwandika, hili likiwemo, na aibu hiyo ni yangu. Hakuna pia aliyemfundisha kuchora. Rangi zake zilikuwa udongo mwekundu, majivu na masizi ya chungu, akizikoroga kwenye uji mzito wa unga wa muhogo ili zishike, na alizipaka kwenye kuta za nyumba yake mwenyewe. Alichora alichokiona: wanawake wakianika mihogo juu ya majabali, mzee akiziba zizi kwa miiba, mkewe akikwangua ukoko.

Mwaka mmoja nilimpeleka kwa mwenye hoteli fulani hapa mjini, akiwa na picha tatu alizozichora kwenye mbao. Bwana yule alizisifu weee, kisha akataka kila moja iongezwe simba, kwa kuwa wageni hupenda simba. Rafiki yangu mchoraji akajibu kwa upole kwamba mlimani kwao simba hajamwona, amemwona fisi tu, na fisi yuko tayari kumchora. Mwenye hoteli hakucheka. Tulipotoka nikajifanya mwerevu, nikamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akazifunga mbao zake kwa kamba, akazitia begani.

"Basi kikae huko huko mvunguni," akasema, na hatukuonana tena.

Nilifika msibani asubuhi ya maziko, nikakuta kuta nyeupe pee. Ndugu zake walikuwa wamezipaka chokaa, nje na ndani. Si kwa ubaya hata kidogo. Nyumba yenye msiba hupokea watu, na kwetu watu hawapokelewi penye kuta za udongo na masizi. Kwa heshima zote wakaizika kazi ya marehemu kabla ya kumzika mwenyewe. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi sasa. Wala tusiwasingizie ushamba. Sisi wa mjini ndio tuliowafundisha kwamba maisha ya mlimani ni uchafu wa kufichwa mgeni akija. Mwenye hoteli alitaka kuyafunika kwa simba, ndugu wakayafunika kwa chokaa, na mimi, msomi wenu, niliyafunika kwa methali.

Mjane ndiye aliyenishika mkono akanipeleka jikoni, kibanda kilicho nyuma ya nyumba. Ukuta wa upande wa mafiga ulikuwa mzima. Alikuwemo mjane mwenyewe, ameinama juu ya sufuria, na mlima wote nyuma yake. Tukiwa bado tunautazama, akaingia mdogo wa marehemu na ndoo ya chokaa iliyobaki, akaeleza kwa adabu kwamba wakwe wanafika mchana, hivyo na jikoni nako kung'ae. Mama yule hakupandisha sauti. Alikwenda kusimama mbele ya ukuta, kanga yake ikagusa masizi.

"Shemeji, huu hauguswi. Mgeni asiyeutaka akale nje."

Ndoo ikarudi ilikotoka.

Sasa nisikilizeni. Mtu wetu akichora, akifinyanga au akiimba maisha yetu yalivyo, asiambiwe ainame, na akifa tusimsafishie kazi yake eti wageni wanakuja. Anayeudhika na apige simu ofisini, nipo. Nilipaswa kuyasema haya siku ile nje ya hoteli, nikayanyamazia. Mchana ule wakwe walikula kwenye kuta nyeupe. Mimi niliketi chini jikoni, tonge mkononi, nikamwomba marehemu radhi mbele ya ukuta wake.