Bilauri Mbili za Balungi

Mke wa fundi redio aliuza juisi dirishani kwake, na aliyempenda kuliko wote nyumbani humo hakuwa mumewe, alikuwa mama mkwe. Kila asubuhi mama alimeza kidonge cha presha kwa bilauri ya balungi aliyokamuliwa na mkamwana wake. Balungi lina uchungu, lakini mama alidai linamfungua macho.

Kisha kikaja kizunguzungu. Mama akiinuka kitini, nyumba inamzunguka, na miguu ikaanza kuvimba. Akienda kupumzika kwa binti yake, anapata nafuu. Akirudi kwa fundi, yale yale. Binti hakuhitaji ushahidi mwingine. Wifi huyo mdomo wake hauna breki: alianza chini chini, mwishowe akasema waziwazi kuwa kuna mtu anamtilia mama kitu. Fundi redio, bingwa wa kufanya vilivyonyamaza viseme, akanyamaza. Kimya hicho kilimuuma mkewe kuliko maneno ya wifi.

Siku moja wifi akayatoa mbele ya mama mwenyewe. Mama akakasirika.

"Nileteeni hiyo juisi."

Alikuwa ameshakunywa ya asubuhi. Akaimaliza bilauri nzima, akadai nyingine, akaimaliza nayo. "Mmeona? Huyu ni mwanangu. Nisisikie tena upuuzi huo."

Mkamwana alikwenda kulia jikoni, kwa furaha. Kabla ya adhuhuri mama akaanguka mlangoni mwa choo.

Hospitalini daktari aliuliza mgonjwa amekula nini na amekunywa nini, maana presha ilikuwa imeshuka mno. Wifi akageuka kumtazama mke wa kaka yake. Yule mwanamke akaona wazi kwamba akiitaja juisi amejitia kitanzi mwenyewe, na asipoitaja, mama anaweza kufa pale pale.

"Juisi ya balungi," akasema. "Nilimkamulia mimi. Hunywa kila siku, pamoja na dawa."

Daktari akaeleza kuwa tumbo huivunjavunja sehemu ya dawa ile kabla haijafika kwenye damu. Balungi huizuia kazi hiyo, dawa ikaingia nyingi kupita kiasi, kama vile mtu kameza vidonge kadhaa kwa mpigo. "Si sumu. Ila kwa dawa hii, asiliguse tena."

"Kumbe ni yeye kweli," wifi akasema. Lile la si sumu halikumwingia sikioni.

Mama alipona, wakamrudisha nyumbani. Jioni ile aliomba maji, mkamwana akamletea. Mama akaipokea bilauri, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama.

"Ni maji tu, mwanangu?"

"Ni maji, mama."

Bado hakunywa. Mkamwana akaichukua bilauri, akapiga funda moja mbele yake, akamrudishia. Mama hakumkataza.