Jiwe la Kumi na Tatu la Clarence Nankervis

Mawe yaliyosimikwa kwa duara katika malisho ya Clarence Nankervis, huko Cornwall, yamesimama miaka elfu nne, na muda wote huo hakuna aliyemsumbua mtu kwa ajili ya mawe hayo. Ndipo ikaja barua: mtaalamu wa mambo ya kale angefika Alhamisi kuyakagua, na jiwe lolote lililoongezwa na watu wa siku hizi lingeng'olewa.

Yapo kumi na tatu. La kumi na tatu lilisimikwa mwaka Clarence alipooa, ng'ombe wapate pa kujikunia. Kule kila mkulima mwenye akili zake husimika jiwe la namna hiyo; ng'ombe asiyepewa lake hujitafutia, na mwenye kuwashwa haulizi umri wa jiwe. Mkewe, Loveday, alikuwa akiliegemea kila jioni na kikombe chake cha chai. Loveday alifariki Februari. Tangu hapo Clarence hakupenda kitu duniani kama jiwe lile, na hakuona haya kulisema.

"Sema ni la kale," alimshauri jirani yake, Hedley. "Jiwe halina cheti cha kuzaliwa."

"Mimi ni mhubiri, Hedley. Njia ya mwongo fupi."

"Kwani wewe, na miaka yako sabini na sita, bado una safari ndefu?"

Alhamisi mvua ilinyesha, kama ilivyotarajiwa. Bi Pascoe, mtaalamu mwenyewe, alifika na buti mpya na daftari. Akapima jiwe moja baada ya jingine, ng'ombe wakimfuata nyuma kama wakaguzi wenzake. Alipofika la kumi na tatu, akasimama.

"Mzee Nankervis, hili ndilo zuri kuliko yote. Tazama lilivyoelekezwa machweo. Watu wa kale walijua walichokuwa wakifanya."

Clarence akatazama viatu vyake. Hakuwa amesema uongo hata nusu. Kazi yake ilikuwa kunyamaza tu, na kunyamaza alikuweza. Aliishi na Loveday miaka hamsini na moja. Moyo ukamtulia.

Bi Pascoe akaandika, akijisomea kwa sauti. "Jiwe la kumi na tatu. Miaka elfu nne. Waliolisimika hawajulikani."

"Wanajulikana," alisema Clarence.

"Samahani, mzee?"

"Aliyelisimika ni Loveday Nankervis, mke wangu. Mimi nilishika kamba tu. Kulielekeza huko ni yeye. Alitaka jua la jioni."

Bi Pascoe aliinua kalamu kutoka kwenye daftari. Ng'ombe mmoja akapita katikati yao, akaanza kujikuna.

"Mzee, nikiandika hivyo, jiwe litaondolewa."

"Najua, mwanangu," alisema Clarence. "Andika."