Onja Kila Dodoki

Naikumbuka siku ile ya Ramadhani, mwanangu, nami ni bibi harusi ambaye hina haijafutika miguuni. Nilikuwa nimeolewa kutoka Michenzani, mtoto wa ghorofa, bustani ninayoijua ni kopo la mrehani dirishani. Nyumba ya wakwe zangu, Mwanakwerekwe, ilikuwa na kiwanja nyuma, na Muhindi aliyekaa pale kabla yao alihama akaacha mimea yake ikitambaa uani. Wao walikuwa wakiitazama tu. Usilolijua ni usiku wa giza, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwasha taa.

Baba mkwe alikuwa ametoka hospitali kwa maradhi ya tumbo. Hafungi, na chakula kigumu hakimkai. Daktari akasema apewe mboga laini. Mkewe, Bi Salma, akanikabidhi mimi kazi hiyo, labda kunipima. Nikachuma jani, ua la manjano na tunda lenye mbavu kwenye mimea ile ya uani, nikaenda Mji Mkongwe kwa Bi Zarina, Muhindi aliyekuwa akimshonea mama yangu nguo.

Alicheka. "Hili si dodoki? Nyie mnangoja likauke mkaogee. Sie tunalila likiwa changa."

Akanifundisha. Lichumwe wakati ukucha unazama kwenye ganda bila kulazimisha. Likishakuwa gumu, waachie wenye kuoga. Paruza mbavu, katakata, kaanga mbegu za haradali na uzile, ile bizari nyembamba, kwenye mafuta, kisha litie bila maji, maana lina maji yake. Nilipomtajia tunda la vinundu lililotambaa upande wa pili wa ua, akasema hilo ni karela, ni chungu na halina neno, ndivyo lilivyoumbwa. Lakini dodoki likiwa chungu ni sumu.

"Kata kipande, uonje kikiwa kibichi," alisema. "Kila moja, mwanangu, hata kama yametoka mche mmoja."

Nilimsimulia Bi Salma yote hayo, naye akanisikiliza kama hasikilizi. Alasiri nikamenya madodoki matatu. Sufuria ishapata moto, yeye amekaa pembeni anachagua mchele.

"Ushaonja?" akaniuliza.

"Nnafunga, mama." Nilisema kwa majivuno kidogo, ya mtu anayetaka mkwe amwone mcha Mungu.

Hakupandisha sauti. "Mpishi huonja kwa ncha ya ulimi akatema, na saumu yake haina neno. Utakwenda kumwambia nini Mola wako, kwamba umemuua mzee wa watu kwa sababu umefunga?"

Niliona haya mpaka masikioni. Nikaonja la kwanza, ladha ya tango, nikatema. La pili vilevile. Nikataka kuishia hapo, kwani la tatu si ndugu yao? Bi Salma akaacha mchele akanitazama tu. Nikalikata la tatu nikaligusisha ulimini, na uchungu wake ukanishika mpaka kooni ingawa sikumeza kitu. Nilisukutua mara kadhaa na bado ulikuwepo. Nazi mbovu harabu ya nzima. Nililitupa lote, nikaosha kisu na kibao, nikapika mawili.

Mzee alikula akamaliza. Akauliza mboga gani hiyo.

"Dodoki la kuogea," mkewe akamjibu.

Mzee akajipapasa tumbo. "Basi leo nimeoga mpaka tumboni."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu atoke hospitali. Bi Salma akageukia ukutani, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Hapo ndipo nilipofahamu alivyokuwa akiogopa, na kwamba hofu yote ile alikuwa ameiweka mikononi mwangu.

Sasa mwanangu, usiogope mboga usiyoijua. Chuma jani, enda kwa anayejua, uliza, maana kuuliza si ujinga. Likiwa changa ulile, likikomaa uogee. Lakini anayekula kwa mkono wako amekuamini, na wema wako wa jana haumwonjei chakula cha leo. Wala usiifanye ibada yako kuwa kisingizio cha kupuuza roho ya mwenzio. Onja hata la mwisho, hasa la mwisho.

Mungu akujaalie ulimi unaotambua uchungu mapema, na mkono usioona haya kumwaga. Na akupe mtu wa kukuuliza, "Ushaonja?"